Popo Wamehama, Harufu Imebaki: Mwongozo Kamili wa Kusafisha na Kukarabati Dari

Doa lilianza juu ya kabati la vyombo. Lilikuwa na rangi ya chai kavu, ukubwa wa kisahani. Mama akasema bati linavuja, akamwita fundi. Fundi akapanda na kopo la lami, akaziba tundu la msumari ambalo wala halikuwa na kosa. Masika yakapita, kiangazi kikaingia, na doa likaendelea kupanuka bila tone la mvua. Kufikia siku ile kipande cha dari kilipolegea na kumwaga vumbi jeusi juu ya meza ya chakula, hatukuhitaji tena kuambiwa. Ulikuwa mkojo wa popo, na juu ya vichwa vyetu kulikuwa na mavi ya miaka isiyojulikana.

Hii ilikuwa nyumba ya marehemu baba, Muheza mkoani Tanga: bati la migongo, kenchi za mbao, dari ya bodi. Nyumba za namna hiyo ziko kila mji wa pwani na bara. Tangu tumalize ile ya kwetu nimesaidia ndugu na majirani kadhaa, na kila mahali nimekuta kosa lilelile tulilolifanya sisi: watu huanza na ufagio au na dawa. Kazi hii ina mpangilio wake na ukiupindua utairudia yote. Kwanza wanyama watoke wakiwa hai. Pili, mianya izibwe. Tatu ndipo usafishe. Ukarabati huja mwisho kabisa, hata kama doa la sebuleni linakutia aibu kwa wageni.

Jua kwanza ni nani anayeishi juu

Panda na tochi, lakini usiguse kitu. Mavi ya popo wanaokula wadudu yanafanana sana na ya panya wadogo: meusi, ukubwa wa punje ya mchele. Yabonyeze kwa kijiti. Ya popo husagika mara moja na kuwa unga, na ndani yake utaona vimeta, ambavyo ni vipande vya mabawa ya wadudu waliowala. Ya panya hukauka na kuwa magumu, hayasagiki hivyo. Tena ya popo hulundikana mahali pamoja, chini ya pale wanaponing'inia, wakati panya hutawanya njia nzima anayopita.

Kelele nazo husema. Panya hukimbia usiku kucha. Popo hulialia kwa sauti nyembamba wakati wa joto la mchana na tena kuelekea magharibi, kisha kimya. Komba hutua darini kama mtu aliyerusha jiwe. Bundi hukoroma na kufoka, na chini yake utakuta vifundo vya manyoya na mifupa ya panya aliowatapika. Huyo wa mwisho, kama hana kero kubwa, mimi ningemwacha. Najua wengi wetu tumelelewa tukiambiwa bundi akilia juu ya paa kuna msiba, lakini anakula panya kuliko paka yeyote niliyewahi kumfuga.

Nyuki wakiwa darini funga mlango wa dari, uteremke, ukamtafute mrina asali. Mwongozo huu hauwahusu. Na ukikuta gamba la nyoka, jua ameufuata mlo wake, yaani panya au popo. Mlo ukiisha naye huondoka, ila mpaka hapo usiingize mkono mahali usipoona.

Kuanzia hapa nitasema zaidi juu ya popo, kwa sababu ndio wanaoharibu dari nyingi na ndio ambao watu huwakosea zaidi. Wengi wa popo wa kwenye mabati yetu ni popo wadogo wenye mkia uliochomoza, wanaokula wadudu. Wanapenda nafasi finyu na joto. Hustahimili chini ya bati mahali panapozidi nyuzi 40 za Selsiasi. Ndiyo maana ule ushauri wa kwamba joto la kiangazi litawafukuza lenyewe hauna maana.

Hatari ya kweli na hofu ya bure

Baada ya mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera mwaka 2023, kila popo akawa adui. Tuseme ukweli: popo anayehusishwa na Marburg ni popo mkubwa wa matunda anayeishi mapangoni na kwenye migodi, na huyo haishi chini ya bati lako. Kwa hawa wadogo wa majumbani, mwaka 2018 watafiti walitangaza kuwa wamevikuta virusi vya Bombali, ndugu wa Ebola, huko Sierra Leone. Baadaye vikapatikana kwa popo wa Taita, Kenya. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kutokana na virusi hivyo. Hata hivyo nikitazama habari hiyo naona sababu tosha ya kutowashika kwa mikono.

Kinachopaswa kukutia wasiwasi zaidi ni vumbi. Katika mavi ya popo na ya ndege huota kuvu iitwayo histoplasma. Ukifagia yakiwa makavu, mbegu zake hupaa, unazivuta, zinakaa kwenye mapafu. Dalili huja kati ya siku 3 na 17: homa, kikohozi, kifua kubana, uchovu. Kwetu mtu huyo atapimwa malaria, ataambiwa hana, atapewa dawa ya kikohozi, na akizidi kudhoofu atatiliwa shaka ya kifua kikuu. Ukiugua baada ya kazi hii, mwambie daktari kwa maneno yako mwenyewe: "Nilisafisha mavi ya popo." Asipoambiwa hawezi kukisia. Mtu anayeishi na VVU, mwenye pumu, mjamzito, mzee na mtoto wasiwe hata ndani ya nyumba siku ya kusafisha.

Jambo la pili ni kung'atwa. Mwaka 2007 daktari mmoja kutoka Uholanzi, akiwa safarini Tsavo Magharibi, Kenya, alikwaruzwa usoni na popo. Mkwaruzo ulikuwa mdogo. Alirudi kwao na kabla mwaka haujaisha akafariki Amsterdam kwa virusi vya Duvenhage, ndugu wa kichaa cha mbwa. Matukio kama hayo ni machache mno, lakini ugonjwa ukishaanza hakuna tiba. Kwa hiyo ukikwaruzwa au kung'atwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Usiwaze kuwa jeraha ni dogo.

Panya nao wana yao. Mkojo wao hueneza homa ya leptospira, na viroboto vyao vilileta tauni Lushoto, milimani tu hapo juu ya kwetu, kuanzia mwaka 1980. Ukikuta panya wengi waliokufa wenyewe bila wewe kuweka sumu, usisafishe. Toa taarifa kituo cha afya.

Kesha mbili za kuhesabu

Hatua hii haina gharama na ndiyo inayorukwa na kila mtu. Saa 12 na robo jioni, keti nje na mwenzako, kila mmoja kwenye pembe ambayo anaona pande mbili za nyumba. Kati ya saa 12 na nusu na saa 2 kasoro popo watatoka. Angalia wanatokea wapi, weka alama. Rudia kesho yake, maana jioni ya kwanza utakuwa umeshangaa tu.

Asubuhi zunguka na ngazi. Mlango wa popo una uchafu: bati au ubao umefanya weusi wa mafuta ya miili yao, na chini yake kwenye ukuta kuna punje za mavi zimenata. Popo mdogo hupita mwanya ambao hauingizi hata kidole gumba. Panya mdogo hupita tundu la milimita 6, unene wa penseli. Kwenye nyumba za mabati mahali pa kutazama ni hapa: pale migongo ya bati inapokalia fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), chini ya kofia ya paa, kwenye ukuta wa pembetatu wa mwisho wa nyumba, kwenye mbao za upenu zilizopinda, na mahali waya wa umeme au bomba la antena linapopenya. Sisi tulikuta mianya mikubwa mitatu, na midogo thelathini na kitu kwenye migongo ya bati.

Watoto wao kwanza

Kabla ya kuziba chochote chungulia mchana kwa tochi, haraka, ukiwa na barakoa. Tazama kama kuna vitoto visivyo na manyoya, vya rangi ya waridi, vimejikusanya kwenye mbao. Kwenye nchi zenye msimu wa baridi kali wana tarehe za kuzaa zinazojulikana. Huku kwetu hufuata mvua, na wengine huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo usitegemee kalenda ya mtu. Ukiona vitoto, subiri. Huanza kuruka wakifikisha kama wiki 6. Ukiwafungia mama nje, watoto watafia ndani, wataoza juu ya chumba chako, na mama atajaribu kuingia hata kwa dirisha la chooni.

Kusubiri kunaudhi, nakiri. Mama yangu alihamishia meza ya chakula barazani na tukala huko hadi vitoto vilipoanza kuruka.

Kuwatoa

Acha pilipili ya kuchoma. Acha mafuta ya taa. Usiweke naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, kwa wingi. Mvuke wake hushuka vyumbani, na kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda damu, hali iliyoenea sana pwani, unaweza kuharibu damu yake. Mtu wa kwanza tuliyemlipa alipuliza dawa ya wadudu darini mchana popo wakiwa wamelala. Waliokufa walibaki kwenye vipenyo ambavyo mkono haufiki, waliobaki walirudi kesho yake, na sisi tukalala wiki nzima na harufu ambayo sitaieleza.

Njia inayofanya kazi ni mlango wa kutoka tu. Mchana, ziba mianya yote midogo ambayo hukuona popo wakitoka. Acha ile mikuu. Juu ya kila mlango mkuu pigilia kipande cha wavu mgumu wa plastiki, ule wa madirishani, kiwe kama pazia: juu kimeshikwa, pembeni kimeshikwa, chini kiko wazi, kimening'inia nusu mita kupita mwanya. Popo akitoka hutambaa chini ya pazia na kuchomoka. Akirudi alfajiri hufuata harufu ya mlango wake, hugonga wavu, wala hafikirii kuzunguka chini. Usitumie chandarua, kitambaa laini humnasa. Kama wanatoka kwenye migongo ya bati upande mzima, pigilia ukanda mmoja mrefu wa wavu kwenye fishabodi kutoka pembe hadi pembe.

Acha hivyo usiku 7. Mvua ikinyesha usiku mmoja, ongeza siku, kwa sababu siku ya mvua wengine hawatoki. Keti tena nje jioni ya mwisho. Hata akitoka mmoja, bado.

Kwa panya ni mitego, ile ya kubana, ikipangwa kando ya kuta za dari na kuchungwa kila asubuhi. Sumu ya panya darini ni kumkaribisha maiti mahali usipoweza kumfikia. Komba na wanyama wengine wa porini wasifungwe wala kuuawa. Kenya piga simu KWS, shirika la wanyamapori la huko; Tanzania nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA, mamlaka ya wanyamapori.

Kuziba

Migongo ya bati tuliijaza udongo wa saruji na mchanga kwa upande wa ndani ya fishabodi. Zipo pia sponji zilizokatwa kufuata umbo la bati. Ni safi zaidi na haraka, ila panya huzitafuna. Tundu la waya: sokomeza stiliwaya ya kusugulia sufuria, kisha silikoni juu yake. Povu la kupuliza peke yake ni chakula cha panya. Matundu ya hewa usiyazibe kabisa, kwa kuwa dari isiyopumua hutoa jasho chini ya bati na mbao zikaoza. Yafunike kwa wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6.

Siku ya kusafisha

Chagua siku isiyo na upepo. Anza saa 12 asubuhi na uwe umeteremka saa 4. Baada ya hapo chini ya bati ni tanuri, na mtu aliyevaa ovaroli na barakoa huzimia bila taarifa. Msifanye kazi peke yenu darini, awepo mtu chini ya ngazi.

Tenganisha bomba la gata linaloingia kwenye tangi la maji ya mvua kabla ya yote. Nimeona nyumba imesafishwa vizuri, halafu uchafu wote ukaoshwa na mvua ya jioni hadi kwenye simtanki la kunywa.

Zima umeme kwenye meni swichi. Panya hutafuna ngozi ya waya na unaweza kuinama juu ya shaba tupu. Kagua bodi za dari: kama ni nyumba ya zamani na bodi ni za kijivu, ngumu kama saruji, huenda ni asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Usizikate, usizitoboe, usizivunje. Hiyo si kazi ya familia, itafutiwe wataalamu.

Mavazi: ovaroli au nguo kuukuu za mikono mirefu zitakazotupwa, gambuti, glavu ndefu za mpira, miwani iliyozibwa pembeni, kofia, na barakoa ya N95 au FFP2 iliyokaa sawasawa usoni. Kama lundo ni kubwa, tafuta barakoa ya mpira yenye vichungi vya P100. Barakoa ya kitambaa au ile nyepesi ya hospitalini haizuii mbegu za kuvu. Ndevu nazo huachia upenyo. Ndugu yangu alinyoa siku hiyo kwa manung'uniko mengi.

Dari haibebi mtu. Laza mbao mbili za inchi moja juu ya kenchi, utembee na kupiga magoti juu ya hizo tu. Chini, ondoa vyombo chumbani, tandika nailoni nzito sakafuni, ziba mlango wa chumba kwa nailoni na gundi ya karatasi, fungua madirisha ya nje.

Sasa maji. Jaza bomba la mgongoni la kupulizia, ambalo halijawahi kubeba dawa ya shamba, kwa maji na sabuni kidogo ya unga. Weka ncha yake itoe ukungu mwembamba. Ukipuliza kwa kishindo utapeperusha vumbi lilelile unalolikimbia. Nyunyiza, subiri dakika 20, nyunyiza tena. Unataka mavi yawe kama mchanga uliolowa, wa kushikana mkononi. Usifurishe, kwani bodi iliyolowana hukatika ghafla na kumwaga kila kitu.

Chota kwa koleo dogo la plastiki, kidogokidogo, utie kwenye mifuko ya nailoni iliyowekwa ndani ya viroba. Jaza nusu tu, funga, futa nje kwa kitambaa chenye dawa, mpe wa chini. Kila ukifika safu kavu iliyoko chini, simama, nyunyiza tena. Hapa ndipo watu huchoka na kuanza kukimbia. Dari yetu ilitoa viroba saba na ilituchukua asubuhi tatu; jirani mmoja alijisifu kumaliza yake kwa saa mbili na ufagio, na kikohozi chake kilikaa hadi Ramadhani.

Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani. Hufyonza huku na kupulizia mbegu kule.

Kama bodi zenyewe zimeoza na zitaondolewa, huna haja ya kuchota zote kutoka juu. Lowesha vizuri kutoka juu, teremka, kisha zing'oe kutoka chini ukianzia ukutani, kipande cha nusu mita kwa nusu mita, mwenzako akiwa ameshika turubai chini yake kama watu wanaopokea maembe. Msisimame katikati mkavuta bodi nzima. Lundo la miaka ishirini lina uzito wa mtu.

Kumaliza kila siku: ovaroli uivue kwa kuipindua ndani nje, barakoa itoke ukiwa nje ya nyumba, uoge mara moja. Nguo za kazi ziloweshwe kwenye maji ya moto na sabuni, zisichanganywe na za familia.

Dawa, na kosa la jiki

Watu hupenda kumwaga jiki kwanza. Ngoja. Mkojo wa popo una amonia nyingi, na jiki ikikutana na amonia hutoa gesi inayochoma koo na mapafu, tena uko kwenye nafasi iliyobanwa. Kwa sababu hiyohiyo usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Halafu jiki juu ya mavi hupoteza nguvu kabla haijafika kwenye mbao.

Kwanza sugua kenchi na mbao kwa maji ya sabuni na brashi iliyolowa, ufute, uache hewa ipite siku nzima. Ndipo upake dawa. Jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, na hapo inakuwa asilimia 0.5. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 5, ni kikombe 1 kwa vikombe 9. Changanya ya siku hiyo tu, ya jana imeshapungua. Paka kwa kitambaa au brashi kwenye mbao na saruji, acha dakika 10, futa kwa maji safi. Kwenye mabati usipake. Jiki hula zinki na baada ya mwaka utaona kutu. Bati lioshwe kwa sabuni na kukaushwa.

Uchafu uende wapi

Wakulima watakuja kuomba, maana wanajua mavi ya popo yana naitrojeni nyingi na mchicha hupenda. Mimi sikatai kabisa, ila yasitawanywe shambani yakiwa makavu wala kuwekwa karibu na mboga za kuliwa mbichi. Sisi tulichimba shimo la kina cha mita moja mbali na kisima, zaidi ya mita 30 na upande wa mteremko, tukamwaga yakiwa mabichi, tukafunika kwa udongo, tukapanda migomba juu. Bodi za dari zilizolowana mkojo zikaenda dampo zikiwa zimefungwa. Usizichome uani, moshi wake haufai, na majirani hawatakusamehe.

Kurudisha dari

Usifunike mbao mbichi. Acha wazi kwa wiki mbili za jua, mlango wa dari ukiwa umefunguliwa mchana. Chukua bisibisi, chomachoma kila kenchi, hasa inapokalia ukuta. Ikizama kama kwenye ndizi, mbao imeoza au mchwa wamepita, na hiyo ibadilishwe kabla ya chochote kupigiliwa chini yake. Gonga misumari. Mkojo wa popo hula chuma; tulikuta vichwa vya misumari vinakatika kwa mkono. Tazama bati kwa ndani mchana ukiwa umezima tochi: kila nyota unayoiona ni tundu.

Fundi umeme aingie wakati huu, dari ikiwa wazi, akague waya zote na kuingiza zilizo uchi kwenye bomba za plastiki. Ukimwita baadaye atakukatia dari mpya.

Harufu ni mambo mawili. Bodi zilizolowana hazisafishiki, hata ukizipaka rangi mara tatu. Siku ya unyevu zitanuka tena na doa litachomoza. Zitupwe. Kenchi haziwezi kutupwa, kwa hiyo zikikauka kabisa zipake rangi ya mafuta koti mbili pale penye madoa. Rangi ya maji haizuii harufu. Kuna wanaoweka magadi au mkaa kwenye sinia darini. Hupunguza, wala hakuna ubaya, lakini kama harufu bado ni kali baada ya mwezi, kuna mfuko wa mavi uliusahau juu ya ukuta, mahali kenchi inapokutana na bati. Huko ndiko tulikokuta wa kwetu.

Kuhusu dari mpya kila mtu na mfuko wake. Jipsamu hupendeza lakini hunywa maji, na doa moja linaharibu kazi nzima. Plastiki hufutika na ni nyepesi, ila hupinda karibu na joto la bati kama nafasi ya juu ni ndogo. Mimi kwa nyumba ya zamani ambayo bati lake liko karibu na dari ningerudisha bodi za kawaida, kwa kuwa kipande kimoja kikiharibika unakibadilisha chenyewe. Vyovyote utakavyochagua, mwambie fundi aache mlango wa dari wa sentimita 60 kwa 60 kwenye korido, siyo juu ya kitanda. Mafundi wengi huona mlango huo unaharibu sura ya dari na hukushawishi uachane nao. Usikubali.

Osha paa na gata, maji ya kwanza yamwagike nje. Kama uchafu ulishaingia kwenye tangi, litoe maji yote, lisuguliwe, ndipo urudishe bomba.

Popo wenyewe watatafuta mahali pengine usiku uleule. Wetu walihamia kwenye ghala bovu la mkonge nyuma ya reli, na mbu hawakuongezeka wala kupungua kwa kadiri nilivyoona. Mwezi wa kwanza watakuja kuzungukazunguka paa jioni wakijaribu mlango wao wa zamani, kwa hiyo keti nje tena mara moja kwa wiki. Baada ya hapo panda darini mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na tochi na barakoa. Upande wa ndani wa mlango wetu wa dari nimeandika kwa penseli tarehe za kila ukaguzi na mianya niliyoikuta. Mstari wa mwisho unasema: kofia ya paa, upande wa mwembe, msumari mmoja umechomoka, nimerudisha.